Mama Neema, Nilimbeba Mama Yako

Mama Neema,

Mama yako ni mzima. Naanza na hilo usije ukashtuka, maana barua hii nusura iwe nyingine kabisa. Yuko sebuleni na Neema wanachambua sombe, majani ya muhogo, na hapa jikoni nasikia anavyomgombeza mtoto kwa kukanyaga kochi na viatu vya shule. Zamani sauti hiyo ikipanda, mimi nilitafuta njia ya kutoka. Siku hizi nikiisikia, moyo unatulia.

Alifika tukiwa tumeshakuzika. Karatasi zilichelewa kule Uvira, kisha basi likaharibika Zambia, na mochwari hawakuweza kutungoja zaidi. Nilikwenda kumpokea pamoja na wamama wa kanisa. Alishuka na kitenge chembamba na kandambili, akidhani Durban ni joto kama kwetu kando ya ziwa, kwa sababu kwenye simu ulikuwa unamwambia habari za bahari tu. Habari za Julai hukumwambia. Hukumwambia kwamba theluji ikianguka kule milimani Drakensberg, upepo wake unashuka hadi huku Sydenham na kupita chini ya milango yetu.

Nilimpa chumba chetu, mimi nikahamia kwenye kochi. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana unajua ilivyo kwetu. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hamshiki mkono, hali naye meza moja. Ulikuwa unanicheka. "Uvira iko mbali, Baba Neema, lakini siku utakayomwona mama yangu utaingia ndani ya kabati." Na kweli nilijificha. Nyumba yenyewe unaijua, vyumba viwili na korido ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana. Nikisikia mlango wake umefunguka, narudi kinyumenyume hadi bafuni. Yeye akinisikia nakohoa, anangoja nipite. Jambo likitokea, tunamtuma Neema, anayemwita bibi yake Koko. Koko anauliza kama iko chumvi. Mwambie Koko iko juu ya friji. Mtoto akawa anageuza kichwa huku na huku kama anatazama mpira.

Kisha baridi ikamshika mama. Haikuwa baridi ya kuvaa sweta ikaisha. Alitetemeka hata kwenye jua la saa sita. Aunty Shamila, mwenye nyumba wetu, alitoka kule nyumba ya mbele akamletea blanketi nzito na soksi za marehemu mume wake, na bado. Nadhani wewe ungeelewa upesi kuliko mimi. Mtu aliyekuja kumlilia mtoto wake na kukuta kaburi limeshafunikwa, joto atalipata wapi?

Nikaitoa ile hita ya gesi.

Nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati tangu uondoke, nimeifunika shuka. Kila nikiiona nakuona wewe miezi ile ya mwisho, figo zimekushinda, umekaa mbele yake, miguu juu ya kigoda, mikono umeinyoosha. Hata ukiwa hoi ulikuwa askari wake. Miaka yote uliyosimama kaunta kwenye duka la kujaza mitungi ilikuwa imekuingia kwenye damu. Hukuniruhusu kuiwasha kabla ya kupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye shingo ya mtungi, uone kama mapovu yatachemka. Nguo zisianikwe karibu. Mtungi usimame, usilazwe. Kuzima, tunaanza na mtungi, moto umalize gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo tunarudisha swichi. Na dirisha, hata mvua ikinyesha, lazima liachwe wazi upana wa kiganja. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba joto lote linatoka. Ukaniambia, bila hata kugeuka, "Huo moto unapumua hewa ileile unayopumua wewe. Ukifunga, mtagombania, na wewe ndiye utashindwa."

Maneno hayo nilimpa Neema ampelekee bibi yake, neno kwa neno. Niliifuta vumbi ndani na nje. Mpira wa zamani ulikuwa na nyufa, nikaweka mpya. Nikapaka sabuni, nikangoja, hakuna povu. Nilipoiwasha, moto ulianza wa bluu, kisha vigae vyote vitatu vya mbele vikaiva vyekundu sawasawa. Nikaisukuma kwa magurudumu yake hadi kwenye kizingiti cha chumba, Neema akaivuta ndani. Tukakubaliana kwamba itawashwa Neema akiwepo, itazimwa kabla ya kulala, na dirisha halitafungwa. "Merci," mama yako alisema, na asante hiyo niliisikia mwenyewe kupitia ukuta.

Lakini kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo wewe hukuiacha ikiwa kubwa hivi.

Watu wanaandamana mjini. Wanasema wageni tuondoke. Kuna wanaosimama kwenye milango ya kliniki wakiuliza makaratasi, na kule sokoni Warwick baadhi ya watu wetu walikunja meza zao wakakaa nyumbani mpaka mambo yatulie. Kwenye maegesho ninapolinda magari, mzee mmoja ninayemsaidia kila wiki kupakia vitu vyake alishusha kioo akaniuliza narudi kwetu lini. Aliniuliza kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionikosesha usingizi. Pasta alituomba tusizungumze kwa sauti ndani ya teksi. Mama yako aliyasikia haya yote kanisani, na kwa kuwa hajui Kizulu wala Kiingereza, kila sauti iliyopita njiani kwake ilikuwa sauti ya mtu anayekuja kutuchukua. Dirisha la chumba chetu, unakumbuka, linatazama kile kichochoro wanachopita watu wakitoka kazini. Akaanza kusali kwa kunong'ona. Akamkataza Neema kuimba.

Siku moja narudi, naona kwa nje dirisha limefungwa na nyuma ya kioo ametundika kitenge. Nikamtuma Neema. Mtoto akarudi na jibu, uso ameuinamisha.

"Koko anasema likikaa wazi watasikia lugha yetu."

Angekuwa mama yangu mzazi ningeingia, ningelifungua, tungegombana, yangeisha. Huyu alikuwa mama yako. Nikawa namwambia Neema alifungue kila jioni hita ikiwaka. Neema anafungua, bibi anafunga. Nikamwomba mke wa pasta aje. Akaja, akaongea naye kwa urefu, mama yako akaitikia kila neno kwa heshima zote, na mgeni hakuwa amefika hata barabarani nikasikia komeo la dirisha likirudi. Usiku nilikuwa nalala sikio moja limeelekea ukutani. Nikaamua hita itoke chumbani, lakini nikataka niseme Jumapili wazee wakiwepo, isije ikaonekana namnyima joto mama wa mke wangu ambaye hata kaburi lake bado ni bichi.

Jumapili hiyo hatukuifikia salama.

Ilikuwa siku ya kazi na Neema yuko shule. Mvua ilianza asubuhi, ile mvua nyembamba isiyokata, na maegesho yakawa matupu. Msimamizi akasema anayetaka kwenda aende. Kawaida mimi hubaki, hata kwa gari mojamoja. Siku hiyo viatu vilikuwa vimejaa maji, nikapanda teksi nikarudi.

Niliingia nikakohoa kama kawaida, ajue nipo. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna hatua. Nikaenda jikoni kuchemsha maji. Juu ya ubao kulikuwa na kitunguu kilichokatwa nusu, na kisu kando yake. Mama yako haachi kitunguu nusu. Nikasimama, nikasikiliza. Kutoka chumbani ulikuja ule mlio mdogo wa hita, kama mtu anapuliza uji bila kuchoka.

Nikaenda koridoni.

"Mama," nikaita. Sikuwahi kumwita moja kwa moja tangu afike. "Mama, hodi."

Mvua tu juu ya bati. Nikagonga kwa kidole, kisha kwa ngumi. Nikamwambia ni mimi, Baba Neema, aitikie tu, hata kwa kukohoa. Nikainama kuangalia chini ya mlango nione kivuli, na chini ya mlango hakukuwa na mwanga. Alikuwa amekaza blanketi pale, kwa ndani, lote.

Nitakuambia ukweli, Mama Neema. Mkono ulikuwa kwenye kitasa na haukuzunguka. Nilifikiri labda amelala. Nilifikiri labda hajavaa. Nilifikiri kule Uvira watakavyosema, kwamba mume wa Furaha aliingia chumbani kwa mama mkwe wake mchana, nyumba ikiwa tupu. Haikuwa muda mrefu, ni kuvuta pumzi mara chache. Lakini zilikuwa pumzi zangu. Yeye mule ndani hakuwa nazo. Nikasukuma kwa bega.

Joto lilinipiga usoni, zito, lenye unyevu kama la sufuria iliyofunuliwa. Kuta zilikuwa zinatiririka jasho. Moto ulikuwa umegeuka njano, ndimi zimetoka nje ya vigae zikiyumba kivivu. Mama yako alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na hita, kitambaa cha kichwa kimemvuka, uso umetulia kama wa mtu anayelala vizuri. Huo utulivu ndio ulionitisha.

Nikabana pumzi. Nikafunga koki ya mtungi nyuma ya hita mpaka mwisho, nikapitisha mikono chini ya mgongo na magoti yake, nikamwinua. Ni mwepesi. Hukuwahi kuniambia kwamba mama yako ni mwepesi hivyo. Kichwa chake kikaangukia kifuani kwangu, nikapita naye ubavuubavu kwenye ile korido, mpaka nje kwenye mvua.

Nilimlaza barazani kwa Aunty nikaanza kupiga kelele. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yote, kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyonijia. Aunty akatoka na mwiko wa mchuzi mkononi. Na kwenye kichochoro mtu mmoja aliyekuwa anapita, amevaa ovaroli ya kazi, akasimama. Nilimwona anatutazama. Kisha akaruka ule ukuta mfupi, akapiga magoti, akamgeuza mama ubavu, akavua koti lake akamfunika. "Gogo," alikuwa anamwita, "gogo, vuka," bibi, amka. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kilichovunjika, gesi, dirisha, na yeye akaelewa kabla sijamaliza. Tulimbeba wawili hadi kwenye gari la Aunty. Alipomwachia alifunga mlango, akapiga bati la gari mara moja kwamba twende, na mpaka leo sijui jina lake. Koti tunalo. Neema analiweka kibarazani kila siku mvua isipokuwepo, labda atapita.

Ndani ya gari alitapika, na sijawahi kufurahia matapishi namna hiyo. Aunty alikuwa anaendesha huku anasema eish, eish, kwa sauti ya chini, na kwenye robot moja hakusimama hata taa ikiwa nyekundu. Karibu na hospitali aliniambia ninyamaze, yeye ndiye atakayeongea. Langoni kulikuwa na watu wamesimama mvuani. Sijui walikuwa nani. Huenda walikuwa wagonjwa tu, wanangoja usafiri. Aunty alishuka, akamshika mama kwapani upande mmoja mimi upande wa pili, akatembea katikati yao kama mwenye nyumba anapita uani kwake. Hakuna aliyetuuliza kitu. Nesi aliuliza alichovuta, nikasema, na kabla sijamaliza kutamka akawa ameshamvika kinyago cha oksijeni. Alisema tumefika kwa wakati. Alisema na yule aliyeingia kumtoa bila kufungua dirisha kwanza, naye akae, apimwe. Nikakaa. Kichwa kilikuwa kinanigonga, wala sikuwa nimejua.

Walimlaza hadi kesho yake. Neema alilala kwa Aunty.

Fundi alikuja, yule mrefu uliyefanya naye kazi dukani, bado anakutaja kwa jina. Aliifungua hita uani. Alinionyesha kidude kidogo kando ya moto ambacho kazi yake ni kuuzima hewa ikipungua chumbani. Kilikuwa kimekufa, huenda kabla hata hatujainunua. Sabuni haiwezi kukuonyesha hilo, alisema, ndiyo maana kila mwaka kabla ya baridi inatakiwa ifunguliwe na anayejua. Aliondoka nayo. Aunty akaleta mtu akatoboa ukuta wa sebule, akaweka tundu lenye wavu ambalo hakuna awezaye kulifunga kwa kitenge. Sasa tuna hita nyingine, iko sebuleni, chumbani haiingii. Inawashwa sote tukiwa macho.

Lakini nilitaka kukuambia la mama.

Alirudi kutoka hospitali, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikarudia kukohoa kwangu koridoni. Chakula alikuwa anampa Neema aniletee. Nilijua ni aibu. Nami nilikuwa nayo. Niliogopa hata kuangalia mikono yangu mwenyewe. Kisha nikasikia amemwita mke wa pasta, nikajua anataka mambo yasafishwe kama kwetu, labda ataomba mbuzi, na mbuzi hapa nitamfunga wapi. Nilijiandaa kwa kuku. Siku ilipofika niliketi kwenye kochi, mama yako kwenye kiti cha mlangoni, mke wa pasta katikati yetu kama ukuta.

Akaniita kwa jina langu.

"Bahati," alisema. "Uliponibeba nilikuwa nasikia. Macho yalikataa, lakini nilikuwa nasikia unaniita Mama. Mtu amenibeba mu mikono, nitamukimbia mu korido mpaka lini?"

Akaendelea, taratibu, akilaza kitenge chake magotini.

"Nilikuwa naogopa watu. Sikuogopa moto. Sasa uniambie vile mutoto wangu alikufa. Wamama wote wamenielezea, lakini wao hawakuwa pale. Wewe ndiye ulikuwa pale."

Mke wa pasta akainuka, akaenda jikoni peke yake.

Nikamwambia, Mama Neema. Nilimwambia ulivyoomba nikusugue miguu ile asubuhi, na ulivyoutazama msuko niliomsuka Neema ukasema mtoto anaonekana kama njia ya Kalemie, makona matupu. Ulicheka, ukakohoa, ukacheka tena. Nilimwambia ulivyoacha kucheka. Na nilimwambia neno lako la mwisho, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata pasta. Nililificha kwa sababu hukuniita mimi. Niliketi pale nimekushika mkono, miaka yote ile ya kutembea pamoja, kutoka Uvira mpaka hapa, na wewe ukatazama pembeni yangu, mlangoni, ukaita Mama.

Aliporudia neno hilo midomoni mwake alilia kilio ambacho hakukilia siku aliyofika. Alilia mpaka Aunty akaja kusimama uani. Baadaye akaosha uso, akaniuliza kama nimekula. Tukala meza moja, watatu, na Neema alikaa anatutazama bila kugusa ugali wake, kwa sababu hakuna aliyemtuma mahali.

Mjini bado hakujatulia. Sitakudanganya. Naenda kazini, narudi, naangalia nyuma. Lakini mama yako amegoma kunong'ona. Juzi alimwambia Neema amwimbie ule wimbo wa ziwa, akarekebisha maneno yake kwa sauti kubwa.

Jumapili tunakuja kwako. Ile mara ya kwanza alikuja na wamama wa kanisa akaishia juu barabarani, maana mteremko wa makaburini ulikuwa na umande na miguu yake haikukubali. Alikuangalia kwa mbali, akalia kwa mbali, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari ili tusikutane. Safari hii nitamshika mkono kuanzia getini. Nakuahidi nitamshusha mpaka pale ulipo, nitamtandikia kitenge akae, na nitasogea kando nisiwasikie.

Pumzika, Furaha. Mengine atakuambia mwenyewe.

Baba Neema